Mizani ya Kalamu na Mizani ya Dole Gumba

Imekuwa desturi katika uhakiki wetu wa ushairi kuziweka nyimbo za gitaa barazani, zisikaribishwe ndani. Hutajwa kwa ajili ya habari za jamii zilizomo, kama vile ukosefu wa mahari, ugumu wa maisha ya mjini na ulevi; lakini ikifika zamu ya kupima utungo wenyewe hukumu huwa fupi, nayo ni kwamba maneno ya nyimbo hizo hayana mizani, vina vyake ni vya kubahatisha, na mistari yake imejazwa sauti zisizo na maana. Mwandishi wa makala haya ameitoa hukumu hiyo darasani kwa muda usiopungua miaka kumi, tena kwa yakini. Nakusudia kueleza kwa nini sasa naiona kuwa hukumu mbovu. Sababu yake sikuipata maktaba. Niliipata katika kujifunza kupiga gitaa, somo moja kwa juma, kwa mzee mmoja aliyepata kuwa mpigaji katika bendi za dansi za Dar es Salaam.

Kipimo tulichokuwa tukikitumia kinajulikana. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, walimu wa ushairi wamekuwa na kitabu cha kushika mkononi: silabi zihesabiwe, nusu mbili za mshororo zilingane, vina vya kati na vya mwisho vitunzwe. Kitabu hicho kiliufaa ushairi wa Kiswahili kwa namna ambayo hapana awezaye kuikana. Lakini sheria zake ni za utungo ambao, hata ukiimbwa, mizani yake imekwisha kukamilika kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kosa ni letu sisi tuliouchukua ufito huo tukaenda kupimia kitu ambacho mwandishi wake hakudai kukipima.

Somo lilikuwa kila Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa mzee. Hakuwa na karatasi wala kitabu. Alikuwa na nyimbo, na nyimbo zenyewe ni zile ambazo kila mtu wa rika lake huzijua, nazo ndizo zilizokuwa ngazi ya mafunzo yote: wimbo wenye mabadiliko machache ya vidole ulitangulia, na wenye mengi ukafuata. Kila wimbo ulianza kwa kusemwa. "Daktari, sema kwanza," ndivyo alivyozoea kuniambia baada ya kuipokea shikamoo yangu, nami nikayasema maneno ya wimbo kama mtu azungumzaye na jirani. Nikikosea pumzi hurudishwa mwanzo. Kisha huimba bila ya gitaa, nikipiga paja kwa kiganja; na hatimaye ndipo niliporuhusiwa kukishika chombo. Wimbo mmoja uliweza kuchukua Jumamosi tatu, na Jumamosi ya kwanza yote ikapita bila uzi mmoja kuguswa. Mwanzoni niliona kuwa napotezewa wakati. Sasa naona kuwa nilikuwa nikisomeshwa uhakiki wa matini kwa uangalifu ambao mimi mwenyewe siutimizi mbele ya wanafunzi wangu.

Niruhusiwe kusema machache juu ya lugha ya somo lile, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Neno gitaa ni geni, nalo limeingia katika jamii ya maneno yenye wingi wa ma-, hali chombo cha nyuzi kilikuwa na jina lake la zamani, kinanda, ambalo baadaye lilibebeshwa piano na hata santuri mpaka likachoka. Lakini jina likiisha kuvuka mlango, viungo vyote vya chombo hupewa majina ya nyumbani: kichwa, shingo, tumbo. Mzee hutofautisha kudonoa, yaani kugusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole mfano wa kuku alaye punje, na kukung'uta, yaani kuziteremkia nyuzi zote kwa pamoja. Nafasi zilizo baina ya vile vijiti vya chuma vya shingoni aliziita vyumba; na sauti kadhaa zipigwazo kwa mara moja aliziita kodi, neno ambalo wanamuziki wetu wamelitohoa na ambalo, kwa bahati njema, limegongana na kodi ya nyumba. Kila kidole changu kilipoteleza alinikumbusha kuwa mwenye kukaa chumba hana budi kulipa kodi. Waunda istilahi wanaoketi mezani kutafuta visawe wangepata faida wakikaa baraza moja kama ile kwa mwezi mmoja.

Basi ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu wa mafunzo, mzee akanipa ubeti wa kufanyia mazoezi. Si wimbo wa bendi yoyote. Ni maneno aliyoyatunga yeye kwa ajili ya wanafunzi, nami nayaandika kwa idhini yake:

Nimekuja kwa miguu,
Mlango umefungwa, ee,
Jirani ananicheka,
Nitalala wapi leo?

Msomaji aliyefunzwa kama nilivyofunzwa mimi ataona mara moja nilichokiona. Mstari wa kwanza una mizani nane. Wa tatu nane. Wa nne nane. Wa pili, ukiiacha ile *ee*, una saba. Na ukiihesabu kwa kanuni ya kalamu, ambayo kila irabu huipa silabi yake, una tisa. Kwa hesabu yoyote ya karatasi, nane haipatikani. Vina havipo. Nilichukua kalamu ya risasi nikausahihisha mstari ule pale pale, kwa furaha ya mtu aliyepata nafasi ya kumlipa mwalimu wake wema: *Mlango umeshafungwa*. Mizani nane kamili, na sauti tupu imeondoka.

Mzee aliutazama, akalichukua gitaa, akaupiga ubeti wote kwa sahihisho langu mara mbili. Halafu akauliza: "Sasa mlango umefungwa saa ngapi?"

Sikuelewa mpaka alipoupiga tena kama ulivyokuwa. Dole gumba lake lilikuwa likigusa nyuzi nene kwa mapigo yanayolingana, nane kwa kila mstari. Katika mstari wa kwanza kila pigo lina silabi yake, na mkazo wa neno la mwisho, ambao katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, waangukia pigo la saba: *mi-gu-u*. Katika mstari wa tatu ni vivyo hivyo, *-che-* ni pigo la saba. Katika wa nne *le-* ni pigo la saba. Sikio limekwisha kuzoea kungoja hapo. Lakini katika mstari wa pili mkazo wa *umefungwa* waja kwenye pigo la sita. Mlango wafungwa kabla ya wakati uliotazamiwa. Pigo moja labaki wazi, na msafiri amesimama nje. Na hiyo *ee*, ambayo kwa kalamu ni irabu mbili na kwa gumba ni pigo moja, ndiyo inayoijaza nafasi ya kusimama kwake. Sahihisho langu liliurudisha mkazo kwenye pigo la saba, mahali pake pa desturi, na mlango ukawa umefungwa kwa adabu, kwa wakati wake, bila ya kumdhuru mtu.

Nimelisimulia jambo hili kwa urefu kwa kuwa lina deni ndani yake. Miaka kadhaa kabla ya hapo mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake kwamba sauti *ee*, *we* na *mama* katika nyimbo za dansi ni sehemu ya mstari, wala hazifai kufutwa na mhariri. Hakutoa hoja, alisema tu kuwa ukizifuta wimbo "unakimbia". Nilimpunguzia alama, nikaandika pembeni kuwa kukimbia si istilahi. Kumbe neno lake lilikuwa sahihi kupita langu. Mstari uliofutiwa *ee* hukimbia kweli: ama huingia katika mstari unaofuata kabla ya mapigo kutimia, ama humlazimisha mpigaji akate pigo. Alilisikia hilo bila ya kuwa na chombo cha kulithibitishia, na mimi niliyekuwa na wajibu wa kumpa chombo hicho sikuwa nacho.

Nataka sasa nitazame wimbo ambao karibu kila mwanafunzi wa gitaa aliyepata kusikia Kiswahili huanzia, nao ni "Malaika". Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu niliukuta mikononi mwa vijana wasiojua neno jingine la lugha yetu, umeandikwa katika karatasi yenye herufi za kodi juu ya maneno. Fadhili William wa Kenya aliurekodi karibu na mwaka 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaueneza duniani kwa sahani yao ya mwaka 1965. Kundi la Boney M. likaurekodi mwaka 1981. Ni nani aliyeutunga, hilo lina mgogoro, na wako wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania. Mgogoro huo hauhusu hoja yangu. Linalonihusu ni kwamba wimbo huu, ambao wahakiki wetu huupitia kwa sentensi moja juu ya mahari, ndio matini ya Kiswahili iliyofundishwa kwa vidole vingi kuliko pengine nyingine yoyote, nao una neno moja ambalo nililifundisha vibaya.

Mpenzi asiye na mali anamwita mwenzake kwa jina la kidege, na mwito huo unafuatana na kitenzi *hukuwaza*. Kwa maandishi, umbo hili ni maneno mawili yaliyovaa kanzu moja. Laweza kuwa hu- ya mazoea pamoja na -ku- ya mtendwa, maana yake kwamba asemaye humwaza mwenzake daima. Laweza pia kuwa hu- ya ukanusho wa nafsi ya pili pamoja na -ku- ya wakati uliopita, maana yake kwamba wewe, kidege, hukufikiri. La kwanza ni ungamo la mapenzi. La pili ni lawama. Wako waandikao *nakuwaza* ili kuuondoa utata, na tafsiri nyingi za kigeni hufuata njia hiyo. Nami nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi maana ya kwanza peke yake, kwa hoja kwamba wimbo wote ni wa upole.

Ilipofika Jumamosi ya kuusema wimbo huo, niliusema mara nyingi polepole mpaka ile maana ya pili, ambayo nilikuwa nimeizoea kama mtu azoeavyo ufa wa ukutani, ikanisimamia mbele ya uso. Nilimwuliza mzee ipi ndiyo. Nilitumaini kuwa gitaa litaamua kama lilivyoamua juu ya mlango. Halikuamua, na kwa mtu wa isimu sababu ni dhahiri: katika maana zote mbili mkazo ni kwenye *-wa-*, silabi ni zile zile nne, na mpigaji hana la kubadili. "Kidege ndiye ajuaye," alisema mzee, akaendelea kupiga. Nadhani jibu hilo ni bora kuliko somo langu. Kijana asiye na mali, asiyejua kama ameachwa au anangojwa, ana haki ya kitenzi kisichochagua; na wenye kuandika *nakuwaza* wamemchagulia.

Hapa inafaa nieleze kwa nini dole gumba limepewa cheo katika anwani ya makala haya. Katika mtindo wa gitaa kavu uliostawi Katanga na magharibi ya Kenya katika miaka ya 1950, mkono wa kulia hufanya kazi kwa vidole viwili tu: gumba kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kwenye nyuzi nyembamba. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 na ambaye wimbo wake "Masanga" umewatesa wanafunzi wa gitaa tangu hapo. Ndivyo alivyopiga pia George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, katika mtindo wa omutibo, ambao huongezewa chupa ya soda inayogongwa kuushika mwendo. David Rycroft alipoandika alama za muziki za gitaa la Mwenda katika jarida la *African Music*, mwaka 1961 na 1962, alizingatia ubunifu wake wa papo kwa papo, na kwa kazi yake twaweza kuona kwa macho jambo ambalo sikio hulishuku: marudio ya wimbo hayafanani. Kidole cha shahada hubadili maneno yake kila mara. Kinachodumu ni mzunguko ambao gumba huubeba. Baadaye, mwaka 1979, Mwingereza John Low alikwenda Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, akaketi na wapigaji wale kama mwanafunzi, na shajara yake iliyochapwa mwaka 1982 ni ushahidi kuwa kujifunza chombo kwa mwenyewe ni njia halali ya utafiti. Sisi wenye lugha ya nyimbo hizo tumechelewa.

Kwa hiyo nikisema mizani ya gumba sisemi kwa mfano. Nina maana ya kipimo kinachosikika nje ya maneno, kinachoendelea maneno yakinyamaza, na ambacho silabi hukaa juu yake kwa kulingana nacho au kwa kukikataa. Shairi la mizani kumi na sita hubeba kipimo chake tumboni mwake. Wimbo wa gitaa hukiacha mikononi mwa mpigaji. Anayeuandika wimbo karatasini akaacha mikono nyuma ameleta nusu ya utungo, kisha analalamika kuwa una upungufu.

Sitaki nieleweke kuwa kila *ee* ni hekima. Nyimbo mbovu ziko, tena nyingi, na gitaa haliziokoi. Ikiwa sauti ya kujazia yaja mwishoni mwa kila mstari, mfupi kwa mrefu, wa furaha kwa wa msiba, basi mtunzi hakuwa akipima, alikuwa akiziba. Hata mzee wangu, ambaye ni mpole kwa watu wote, alikuwa na nyimbo za bendi yake mwenyewe alizokataa kunifundisha, akisema kuwa zilitungwa ndani ya gari njiani kwenda dansini. Kwa upande mwingine kuna watunzi ambao mgawanyo wa kazi baina ya kinywa na kidole ulikuwa mali yao kabisa, kwa kuwa walikuwa na vyote viwili. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, aliimba na kupiga gitaa la solo. Na katika nyimbo zake za polepole mara kwa mara sentensi huachwa na sauti na kumaliziwa na nyuzi. Mhakiki atakayeyanukuu maneno ya "Shida" bila ya majibu ya gitaa atakuwa kama mtu aliyeandika mazungumzo ya simu kwa kusikiliza upande mmoja.

Lawama haiwafikii wahakiki peke yao. Walimu wa gitaa wa leo, wenye karatasi za herufi za kodi, wamekosea upande wa pili. Karatasi hizo huweka herufi juu ya mwanzo wa neno, kwa kuwa ndipo jicho lianzapo kusoma; hali katika nyimbo za Kiswahili mkono mara nyingi hubadilika kwenye silabi yenye mkazo, karibu na mwisho wa neno, au juu ya ile ile *ee* iliyodharauliwa. Mwanafunzi aifuataye karatasi huwahi kwa silabi moja au mbili, kisha huuvuta mkazo wa neno uje ulipo mkono wake. Hivyo ndivyo nilivyosikia *malaika* ikiimbwa ng'ambo kwa mkazo mwanzoni, na hivyo ndivyo naisikia sasa kwa baadhi ya vijana wetu wenyewe, ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza. Hawajasahau lugha, vidole vyao vimefundishwa na karatasi.

Katika mkusanyo wa nyimbo ninaouandaa kwa ajili ya darasa langu nimeanza na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro. Kila sauti ya kujazia imebaki mahali pake, na chini ya kila mstari yamewekwa mapigo kwa nukta, nukta nzito ikiwa ni mahali mkono ubadilipo. Ugumu umejitokeza mapema. Katika gitaa kavu gumba ni moja na hesabu ni moja. Katika bendi yenye magitaa kadhaa na besi kila mpigaji ana nukta zake, nazo hazianguki pamoja. Nilimpelekea mzee ukurasa wa kwanza ili anisaidie kuchagua. Aliugeuza huku na huku, akazihesabu nukta kwa kidole, akasema nifuate besi, isipokuwa pale mwimbaji anapomfuata mpiga ngoma. Na pale, alisema, itabidi nije na gitaa.